Chemirocha wa Kapkatet

Ukitoka Mulot ukapita Longisa na Bomet mjini, ukashika njia ya Sotik kisha ukapinda kuelekea Kericho, utafika Kapkatet, nchini Kenya. Mwaka 1950 alifika hapo Hugh Tracey na gari lake la kurekodia. Mwingereza huyu alikwenda Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kulima tumbaku, nyimbo za shambani zikamteka. Mwaka 1954 alianzisha karibu na Johannesburg maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Ni makumbusho ya sauti, si ya vinyago.

Tracey alipenda muziki wa kale, akauonea shaka ule uliochanganyika na wa kigeni. Lakini huko Kapkatet, Wakipsigis, wenyeji wa hapo, walimpa wimbo juu ya Mmarekani.

Mmarekani huyo, Jimmie Rodgers, alizaliwa 1897, akafanya kazi kwenye reli, akapata umaarufu kwa gitaa na sauti inayopaa na kushuka ghafla. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1933, akiwa na miaka 35. Santuri zake, hata hivyo, ziliendelea kusafiri, zikachezwa kwenye gramafoni hadi nchi ya majani chai. Huku jina lake likawa Chemirocha.

Tracey alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo. Mbili ni za wanaume. Ya tatu ni ya wasichana: kinubi kinarudia mdundo uleule bila haraka, na juu yake sauti nyembamba zinaitikiana, kama zinazoitana ng'ambo ya bonde. Kwa maelezo ya Tracey, Chemirocha alikuwa nusu mtu, nusu mnyama, na wasichana walimhimiza acheze, aruke mpaka nguo zimtoke. Tracey alilichukulia jambo hili kama ngano. Mimi nasikia utani wa wasichana mbele ya mgeni mwenye mashine.

Santuri za nyimbo hizo zilisambaa ng'ambo. Waimbaji wakabaki kwao. Ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya maktaba ile ya Tracey, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, iliyoanzishwa na Tabu Osusa, kuzirudisha rekodi hizo kwa Wakipsigis. Miongoni mwa waliofikiwa walikuwamo wazee waliorekodiwa na Tracey wakiwa vijana.