Nani Alimlipia Mtoto wa Mkulima?



Tulipokuwa kambini kando ya Goma, mtoto akishikwa na homa tulimpeleka kwenye hema la afya, anapimwa malaria, anapewa dawa, hakuna kulipa. Tuliporudi huku Masisi, mama mmoja wa chama chetu alizuiliwa katika hopitali fulani pamoja na mtoto aliyekwisha kupona, kwa sababu fakitire haikulipwa. Alitoka kwa deni la mbuzi wa jirani. Tangu siku ile tunaulizana: mtoto wa mkulima alisahauliwa wapi?

Alisahauliwa zamani. Sheria ya usalama wa jamii ya tarehe 29 Juni 1961 iliangalia watu wa mshahara. Mwenye kulima maharagwe, ao kuchunga ng'ombe wa mwingine, hakuwamo, wala watoto wake. Halafu feza za serikali zikapunguka, hopitali zikaanza kuishi kwa mfuko wa mgonjwa.

Lakini tusiseme mkulima wa Kongo hawezi kulipa mbele ya ugonjwa. Mwaka 1986, kule Bwamanda, upande wa Ubangi, walianzisha bima ya hopitali. Walikuwa na akili: mchango ulikusanywa wakati watu wanauza mavuno, na nyumba nzima iliandikwa, si mgonjwa peke yake. Aliyelazwa alilipa sehemu moja tu kati ya tano za fakitire. Hawakuwa matajiri kutupita. Ila walikuwa na shirika lililonunua mazao yao, na hopitali iliyofanya kazi pamoja nalo. Hiyo tusiifiche.

Kwetu mambo yalienda njia ingine. Mwaka 1993 vita iliwaka Ntoto, Walikale, ikapanda Masisi, na toka hapo tunakimbia na kurudi, kukimbia na kurudi. Daftari ya mchango itakaa kwa nani? Tangu 2007 MSF wanasaidia hopitali kubwa ya Masisi, na watoto wengi wako hai kwa ajili ya matunzo ya bure. Tunashukuru. Ila bure ya namna hii inafuata bajeti na usalama wa barabara, haifuati haki.

Haki iko kwa karatasi: kifungu cha 47 cha Katiba ya 2006, na sheria ya mituele ya tarehe 8 Februari 2017. Mwezi wa 9, 2023, serikali ilianzisha bima ya afya kwa wote, ikianzia Kinshasa, na uzazi na watoto wachanga. Mtoto wa miaka mitatu mwenye nimonia huku kwetu bado anangoja.

Ndiyo sababu tunataka kasha letu lifuate njia ya Bwamanda: kulipa kisha mavuno ya maharagwe, nyumba nzima. Imebaki neno moja la kikao kinachokuja: yatima anayelelewa na bibi asiye na shamba, mchango wake utatoka wapi? Wamoja wanasema kila nyumba kumi zibebe mmoja, wengine wanasema ni mzigo. Muje na daftari zenu.