Ua Linaloonyesha Tanuri

Bibi yangu wa Tabora alituachia kitindi kimoja cha shaba. Alisema kilitoka kwa Msiri. Nilikuwa mdogo, nikadhani Msiri ni fundi wa mtaa wa pili.

Nilikuja kukutana naye tena nikisoma shahada ya uzamili ya historia. Msiri alikuwa mtoto wa Kalasa, mfanyabiashara wa Kinyamwezi aliyefuata shaba Katanga. Mwana alibaki huko, akajenga dola yake na makao yake Bunkeya, mpaka tarehe 20 Desemba 1891 alipopigwa risasi na ofisa wa msafara wa William Stairs, uliotumwa kuichukua Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Nikaamua kuandika tasnifu juu ya shaba hiyo. Haikupita miezi miwili nikakwama. Kumbukumbu nilizopata zilijaa misafara, mikataba na wafalme. Waliochimba mawe ya kijani, wakavukuta moto na kumimina misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha na mahari, hawakuacha hata barua moja. Msimamizi wangu aliniuliza, "Sasa hawa watu wako watasema kwa kinywa gani?" Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata kwenye rafu ya botania. Kuna mmea mfupi wa Katanga uitwao Haumaniastrum katangense, wa ukoo mmoja na kivumbasi chetu, wenye maua ya zambarau. Watafiti huuita ua la shaba. Shaba ikizidi kwenye udongo, mizizi ya mimea mingi hudumaa na kufa. Mmea huu huvumilia. Penye sumu hauna mshindani, hivyo hutanda peke yake.

Sasa tazama jinsi mafundi wa kale walivyofanya kazi. Hawakuyeyusha shaba palepale kilimani. Waliyabeba mawe mpaka penye maji, kuni za kuchoma makaa na vichuguu, kwa sababu udongo wa kichuguu hufaa kujengea tanuri. Mawe yalidondoka, mabaki ya kuyeyusha yakamwagwa. Mafundi waliondoka, tanuri zikabomoka, mvua ikafukia kila kitu. Lakini sumu ilibaki ardhini, na ua likaja kukaa juu yake. Ndiyo maana wanaakiolojia, walipoona zulia la maua hayo mbali na kilima chochote cha shaba, walichimba chini yake. Karibu na Lubumbashi walikuta tanuri, baadhi za karne ya 14. Mafundi hao walitangulia miaka mia tano kabla ya Msiri.

Mwezi Aprili, mvua zikielekea kuisha, nilipanda basi, nikapita Tunduma, nikavuka Zambia mpaka Kasumbalesa. Mzee mmoja wa Lubumbashi, mchimbaji mstaafu, alinipeleka pembeni mwa mji. Nilikuwa nimetarajia uwanja wa zambarau. Nilikuta kipande kisichozidi ukubwa wa sebule, na ng'ambo ya barabara magreda yakifanya kazi. Mzee alisema, "Mwanangu, hapo palikuwa pamejaa."

Katika Katanga kuna aina zaidi ya 30 za mimea inayoota kwenye udongo wa shaba na kobalti tu. Kilima kikichimbwa, haina pa kuhamia. Mgodi wa Étoile, ambao wenyeji huuita Kalukuluku, ulianza kuchimbwa na kampuni ya kikoloni mwaka 1911, na vilima vingine vimefuata. Ua la shaba lenyewe ni jasiri, huweza hata kuota kwenye ardhi iliyovurugwa. Ila greda likishapita juu ya tanuri, ua likiota tena halituonyeshi kitu. Chini yake hakuna tanuri tena.

Niliporudi nilimwomba shangazi ruhusa kitindi kikwaruzwe kidogo, maabara ipime shaba yake ilitoka wapi. Alikataa. "Bibi yako alishasema kimetoka wapi," aliniambia, akakifunga tena kwenye kanga.

Sikubishana naye. Kwenye tasnifu nimeandika maneno ya bibi kama alivyoyasema, na baada yake nimeweka ramani niliyochora kwa mkono ya kile kipande cha maua, pamoja na tarehe niliyokiona.