Herufi Saba katika Nchi ya Chai: Nota za Kwaya na Kinanda Kericho na Bomet

Muziki wa makanisa ya Kericho na Bomet umeandikwa kwa hati tatu katika muda wa miaka mia moja na ushei: nota za mraba juu ya mistari minne, ambazo Kanisa Katoliki lilizirithi kutoka Enzi za Kati; nota za mviringo juu ya mistari mitano, ambazo ndizo hati ya kawaida ya wapiga kinanda duniani; na solfa, yaani herufi saba za alfabeti zinazosimama mahali pa nota. Hati ya tatu ndiyo iliyotawala, ingawa vyuo vya muziki vya Ulaya viliichukulia kama ngazi tu ya kumfikisha mwanafunzi kwenye ile ya pili, na sababu za kutawala kwake zinapaswa kutafutwa zaidi katika karatasi, mashine za chapa na namna mashamba ya chai yalivyokusanya watu kuliko katika ubora wa hati yenyewe.

Reli ya Uganda ilipopita Lumbwa, mahali panapoitwa leo Kipkelion, ilimrahisishia njia Willis Hotchkiss, Mmarekani wa madhehebu ya Kwaka aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa misheni ya Kaimosi mwaka 1902, na ambaye mwaka 1905 alihamia kwa Wakipsigis kuanzisha misheni ya ufundi. Africa Inland Mission iliweka kituo Litein katika miaka ya 1920, na katika muongo uliofuata World Gospel Mission ikajiimarisha Tenwek, karibu na mji wa Bomet, kituo kilicholea Africa Gospel Church. Nyimbo zilizofundishwa katika vituo hivyo zilikuwa tafsiri za tenzi za Uingereza na Marekani, na vitabu vya waumini vilichapwa maneno matupu, kama ambavyo Tenzi za Rohoni na Nyimbo za Injili zinavyojulikana hadi leo, huku sauti za tenzi zikibaki katika kitabu cha mmisionari au katika kumbukumbu ya waimbaji.

Kutenganishwa huko kwa maneno na sauti kulileta tatizo ambalo wafasiri wengi hawakulipima vya kutosha. Mstari wa utenzi wa Kiingereza mara nyingi huishia kwenye silabi nzito, ilhali mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo pigo kubwa la muziki humwangukia mwimbaji mahali ambapo lugha yake inataka kupumzika. Katika Kikalenjin hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa lugha hiyo ni ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, na toni ya nomino ndiyo inayoonyesha kama nomino hiyo ni kiima au yambwa ya sentensi. Sauti ya utenzi uliotungwa London haina habari na jambo hilo, na msikilizaji huachiwa kukisia kutokana na muktadha. Waumini walizoea, na mazoea hayo yanaheshimika, lakini hayaondoi ukweli kwamba kwa vizazi viwili hivi kanisa la nyanda hizi liliimba lugha yake likiwa limeivunja kidogo.

Solfa ilizaliwa mbali na tatizo hilo. Mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ndiye aliyebuni njia ya kufundisha watoto kuimba kwa kutumia herufi, na mchungaji John Curwen, aliyeishi kati ya 1816 na 1880, akaichukua, akaitengeneza upya na kuieneza kupitia shule za Jumapili, kwa imani kwamba maskini asiyemudu mwalimu wa muziki anaweza kusoma nota kama anavyosoma kitabu. Herufi d, r, m, f, s, l na t husimama kwa do, re, mi, fa, so, la na ti, na do haina mahali pa kudumu: mtunzi huandika juu ya ukurasa kwamba do ni G au ni F, na mwimbaji hupanga sauti zote kutoka hapo. Mapigo hutenganishwa kwa nukta mbili na vistari vya wima, nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu, koma huonyesha robo, kistari cha mlalo huamuru sauti ishikiliwe, na alama ndogo juu au chini ya herufi hueleza kama sauti ni ya oktava ya juu au ya chini. Mistari minne ya herufi ikipangwa mmoja chini ya mwingine, pamoja na maneno yake, kwaya nzima inakuwa imepata wimbo wake: soprano, alto, tena na besi.

Wamisionari waliibeba hati hiyo hadi Bukini (Madagaska) na Afrika Kusini kabla ya mwisho wa karne ya 19, na ni kwa solfa kwamba Enoch Sontonga aliandika mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania. Katika Afrika Mashariki iliingia kwa mlango wa shule na vyuo vya ualimu, na mashindano ya kwaya ya Tamasha la Muziki la Kenya, pamoja na kazi ya Graham Hyslop, aliyekuwa ofisa wa muziki na maigizo wa serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1950, yaliifanya kuwa sehemu ya ujuzi wa kawaida wa mwalimu. Mwalimu huyo aliyefundisha hesabu Jumatatu ndiye aliyesimama mbele ya kwaya Jumapili, naye hakuhitaji chombo chochote zaidi ya ubao na chaki, kwa sababu solfa inaandikika kwa mkono wa mtu yeyote ajuaye kuandika, inachapika kwa taipureta ya ofisi, na inaweza kukatwa kwenye stensili na kutolewa nakala hamsini kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Mistari mitano haikubali taipureta, na kitabu cha nota zake kililazimika kuagizwa kutoka ng'ambo kwa bei ambayo hakuna kwaya ya kijijini ingeilipa.

Mashamba ya chai yaliongeza sababu nyingine. Tangu kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kupanda chai Kericho katikati ya miaka ya 1920, kambi za wafanyakazi ziliwaleta pamoja Wakipsigis, Wajaluo, Waluhya na Wakisii, ambao kila kundi lilikuja na vitabu vya nyimbo vya lugha yake na mazoea ya kanisa lake. Kiswahili kikawa lugha ya kwaya, na herufi saba zikawa maandishi ambayo mchumaji chai kutoka Vihiga na mwenzake kutoka Sotik waliweza kuyasoma pamoja jioni baada ya kazi, bila kutegemea kinanda, kwani kinanda hakikuwapo.

Kwa Wakatoliki historia ilipitia pia mlima wa Kipkelion. Mwaka 1956 wamonaki Wasitersiani wa utawa mkali, maarufu kama Watrapisti, walifika kutoka Tilburg, Uholanzi, na kuanzisha huko monasteri ambayo sala zake za kila siku, kuanzia kabla ya mapambazuko, ziliimbwa kwa sauti za Kigregori, zile nota za mraba za mistari minne ambazo hazina mapigo ya kuhesabika bali hufuata mwendo wa maneno ya Kilatini. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba wimbo wa kale sana wa Kanisa la Magharibi uliimbwa mara saba kwa siku katika wilaya ya chai, ilhali parokia za jirani ziliujua kwa nyimbo chache tu. Fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwalazimisha wamonaki kuhamia Uganda mwaka 2008, na kwa kuondoka kwao eneo lilipoteza kituo chake pekee cha uimbaji wa namna hiyo.

Muda mrefu kabla ya kuondoka huko mkondo mkuu ulikuwa umekwishageuka. Hati ya Liturujia Takatifu ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ya tarehe 4 Desemba 1963, iliuthibitishia wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza katika ibara ya 116, lakini ibara ya 119 ikaagiza muziki wa jadi wa nchi za misheni upewe heshima yake, na Misa ilipoanza kuadhimishwa kwa Kiswahili, kila parokia ilihitaji ghafla wimbo wa mwanzo, Utukufu, Mtakatifu, Mwanakondoo na nyimbo za matoleo na komunyo. Tanzania ilikuwa imetangulia, kwani Padre Stephen Mbunga alikuwa ameandika kuhusu muziki wa Kibantu na sheria za Kanisa mwaka huohuo wa 1963, na karatasi za solfa za watunzi wa Tanzania zilivuka mpaka mikononi mwa mapadre, wanafunzi na wanakwaya. Jimbo la Kericho, linalojumuisha kaunti zote mbili, lilipotengwa na Nakuru mwaka 1995, liliirithi hazina hiyo pamoja na tabia yake mbaya ya kunakili wimbo na kuliacha jina la mtunzi.

Mpiga kinanda ndiye aliyebaki njia panda. Ibara ya 120 ya hati ileile ya Mtaguso inakisifu kinanda cha mabomba, chombo ambacho ni adimu nchini Kenya nje ya makanisa machache ya Nairobi, na kilichofika parokiani ni kinanda cha umeme, ambacho mara nyingi hupigwa na kijana aliyejifunza kutoka kwenye karatasi ya kwaya. Karatasi hiyo humpa sauti nne bila kumweleza mkono wa kushoto ufanye nini, kwa hiyo wengi hupiga kila wimbo kwa ufunguo mmoja waliouzoea na kuiachia swichi ya kinanda kazi ya kupandisha au kushusha sauti hadi pale mtunzi alipoiweka do. Mbinu hiyo hudharauliwa na waliosoma muziki vyuoni, na dharau yao ina haki nusu tu, kwa kuwa kimantiki huko ndiko kutumia do inayohama kama Curwen alivyokusudia. Hasara yake ni kwamba kijana huyo hawezi kufungua kitabu chochote cha kinanda kilichochapwa kwa mistari mitano.

Mpaka halisi wa solfa uko kwingine. Hugh Tracey alipofika Kapkatet mwaka 1950 na kurekodi nyimbo za Wakipsigis, zikiwamo za kinubi kiitwacho chepkong, alinasa muziki ambao vidato vyake haviketi sawasawa juu ya herufi saba. Mtunzi wa kanisa anayetaka kuuleta muziki huo madhabahuni hulazimika kuunyoosha kwanza, na kinachofika kwenye karatasi ni mifupa, ambayo kwaya inayoujua wimbo huivika nyama, na kwaya isiyoujua huiimba kama utenzi wa Kiingereza.

Kompyuta imezirudisha hati mbili pamoja, kwani programu kama MuseScore, ambayo ni ya bure, humwezesha mtunzi kuandika mistari mitano na kuweka solfa chini yake, na maktaba ya mtandaoni ya Swahili Music Notes hutoa maelfu ya nyimbo za kwaya za Kikatoliki kwa yeyote mwenye simu. Hata hivyo kompyuta nayo husahau: watengenezaji wa Finale, programu iliyotumiwa na watunzi wengi, walitangaza Agosti 2024 kwamba hawataiendeleza tena, na faili zilizohifadhiwa kwa muundo wake pekee zitazidi kuwa ngumu kufunguka. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi hadi miaka 50 baada ya kufa kwake, lakini ulinzi huo hauna mshiko pale ambapo karatasi haisemi ni nani aliyetunga.

Kanisa kuu la Moyo Mtakatifu mjini Kericho, lililotabarukiwa mwaka 2015 na lenye nafasi ya waumini 1,500, linafaa kuwa na chumba kimoja chenye makabati ya nota, na Africa Gospel Church pamoja na Africa Inland Church, iliyotokana na Africa Inland Mission, zinastahili kufanya hivyo Tenwek na Litein, kabla karatasi za stensili za miaka ya 1970 hazijaliwa na mchwa. Wakati vyumba hivyo vikisubiriwa, kila mwalimu wa kwaya anaombwa aandike juu ya ukurasa jina la mtunzi, mwaka na parokia ulikoimbwa wimbo kwa mara ya kwanza.