Kabla hujaupiga msasa mlango wa nakshi

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inataja milango. Mlango wowote wa mbao, au fremu yake, uliochongwa Afrika kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940, ni kitu kinacholindwa. Kenya nayo iliandika maneno yanayokaribiana na hayo, ila mpaka wake ni 1946. Waliotunga walikuwa wakimwinda mnunuzi: yule anayefika Bagamoyo, Kilwa au Lamu, akaona mlango, akaulizia bei, na baada ya siku chache nyumba ikabaki na tundu. Hawakumfikiria sana mwenye nyumba mwenyewe, aliyesimama barazani na kopo la rangi Idd ikikaribia.

Mlango wa mwambao haukuwekwa ili kuzuia wezi tu. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita Unguja mwaka 1857, aliona kwamba kadiri lango lilivyokuwa kubwa na kufuli lake zito, ndivyo heshima ya mwenyewe ilivyopanda. Milango ya zamani hizo ilikuwa na kizingiti cha juu kilichonyooka. Mwishoni mwa karne ya 19, enzi za Sultani Barghash na waliomfuata, matao na maua ya Kihindi yakashika. Msaji ulikuja kwa vyombo kutoka Bara Hindi na Burma. Asiyeuweza alichongewa wa mfenesi, na Lamu walipenda mbambakofi. Juu ya kizingiti ziliandikwa aya, mara nyingine na mwaka wa Hijria. Katika nyumba nyingi hiyo ndiyo hati pekee inayosema ilijengwa lini.

Sasa tazama ulivyoundwa, maana ukarabati wake unaanzia hapo. Hauna bawaba. Una vipande viwili, na kila kipande kina ncha mbili za mti, ya juu na ya chini, zinazozunguka ndani ya matundu ya kizingiti. Katikati umesimama mfaa, uliopigiliwa kwenye kipande kimoja na kukilalia kidogo cha pili, kwa hiyo kile kisicho na mfaa ndicho hufunguliwa kwanza. Ncha ya chini ikilika, mlango hushuka na kukwaruza sakafu, na watu hudhani mti umevimba. Wengine huchukua randa wakapunguza mbao. Fundi mzoefu hukinyanyua kipande, akatia ncha mpya, na mlango ukapanda mahali pake.

Kinachooza kwanza ni miguu ya miimo. Mvua ya masika hurukia kizingiti, unyevu nao hupanda kutoka ardhini kupitia ukuta wa mawe ya matumbawe. Zamani ukuta huo ulipakwa chokaa, nao ukawa unapumua. Tangu saruji iingie mwambao katika karne ya 20, plasta ngumu imezuia maji yasitoke ukutani, na mengi huishia kwenye mti. Mchwa hawangoji kualikwa. Kuing'oa miimo ni kubomoa ukuta, hivyo dawa ni kukata sehemu iliyooza tu, shubiri moja au mbili, tena kwa mshazari ili maji yasitulie kwenye kiungo. Kisha huchongwa kipande cha mti ule ule, kikaungwa kwa vigingi vya mbao. Msumari wa chuma hupata kutu na kuula mti ulioletwa kuuponya. Ndiyo maana penye njumu za shaba unakuta duara jeusi kwenye mbao: kichwa ni shaba, mwili ni chuma. (Watembeza wageni watakwambia njumu hizo ni za kuzuia tembo. Mji Mkongwe wa Unguja haujawahi kuvamiwa na tembo. Hapa zinashika mbao na kuonyesha utajiri.)

Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, na penye familia moja zikaingia kadhaa. Mlango wa mbele ukawa wa wote, yaani si wa mtu. Aliyeujali aliupaka alichokipata: rangi ya mafuta ya kijani au ya kahawia, vanishi, wengine hata oili chafu ile inayopakwa nguzo kukimbiza mchwa. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa 1985, na UNESCO ikauingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini kufikia hapo milango kadhaa ilikuwa imekwisha kulala chini ya tabaka nyingi. Nukta za herufi hujaa kwanza, halafu tarakimu. Mnyororo uliochongwa pembezoni hugeuka uvimbe.

Hata hivyo mimi siilaumu rangi kama wanavyoilaumu wengi. Mbaya ilivyo, imeukinga mti na jua, na chini yake makali ya patasi bado yapo. Adui mkubwa zaidi ni mashine ya msasa. Mafundi wa zamani walisugua kwa majani ya mti wa msasa, taratibu, kwa kidole, wakifuata bonde la nakshi. Mashine haijui bonde wala kilima. Asubuhi moja inatosha kuondoa rangi pamoja na mkono wa aliyechonga mwaka 1888, na mwenye nyumba akafurahi kwamba mlango unang'aa.

Njia salama ni ya kuchosha: dawa ya kubandua rangi, kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha, brashi ya meno, kidogo kidogo. Anza kwenye kizingiti cha juu, maana kilichoandikwa pale hakina nakala kwingine. Ikijitokeza 1306, jengo ni la 1888 au 1889, Sultani akiwa Khalifa, si Barghash kama familia ilivyokuwa ikisimulia. Mti ukishakauka upakwe mafuta kwa kitambaa, mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Njumu zisuguliwe kwa ndimu na majivu, ila kwa uangalifu, maji ya ndimu yasichuruzike kwenye mbao.