Bando la Kanazi na curl

Wadau, nimerudi chuo jana. Likizo nilikuwa nyumbani Kanazi, Ngara. Siku moja bando limebaki MB 60 tu, nami nataka kitabu cha historia ambacho ukurasa wake hausemi kina uzito gani. Nikaandika curl -I, halafu anwani ya faili. Zikaja heda peke yake, yaani yale maelezo seva inayotanguliza kabla ya mzigo: 200 OK, tarehe, aina ya faili, na Content-Length: 94371840. MB 90 hizo! Ningelia.

Mtu wa historia nikaanza kuchimba. HTTP ya kwanza ya Tim Berners-Lee, 1991, haikuwa na heda kabisa. Ukiomba unamwagiwa ukurasa mzima. Waraka wa HTTP/1.0 wa Mei 1996 ndio ulioeleza heda, pamoja na ombi la HEAD, linaloleta heda bila mzigo. Mwaka huohuo Mswidi Daniel Stenberg alitaka kuvuta viwango vya kubadilisha fedha kutoka mtandaoni (sisi wa mpakani na Burundi tunamwelewa kabisa!). Akachukua kaprogramu kanaitwa httpget, akakakuza, na Machi 1998 kakaitwa curl.

Kitabu nimekipakua leo hapa chuo. Kurasa tatu za kwanza hazisomeki.