INCOGNITO: Maana Yake, Inavyotamkwa, na Miaka Minne ya Mkwawa

Staa kavaa kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, miwani myeusi, barakoa juu yake. Anapiga selfie ndani ya gari halafu anaandika neno moja tu: incognito. Dakika tano hazijaisha komenti zimejaa, kila mtu kashamjua. Sasa wadau, hapo neno limetumika au limeonewa?

Tuanze na mdomo. Waingereza na Wamarekani wengi siku hizi wanasema in-kog-NII-to. Wapo wanaokaza kwenye "kog", na kamusi zinawapokea wote. Mswahili hapa hana presha, maana Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukilisoma kama lilivyoandikwa umepatia. Kichekesho ni kwamba Waitaliano, ambao ndio wenye neno, wanatamka in-KO-nyi-to. Ile "gn" yao ni "ny" ya nyanya na nyumba. Kwa hiyo akitokea mjuaji wa kukusahihisha mbele za watu, muulize kwanza anaongea ya wapi.

Asili yake ni Kilatini: cognitus ni "anayejulikana", ukiweka "in" mbele inakuwa "asiyejulikana". Waingereza walilichukua kutoka Kiitaliano karne ya 17. Zamani mwanamke alikuwa incognita, na ndiyo hiyo hiyo utaikuta kwenye ramani za kale, terra incognita, yaani nchi isiyojulikana. Isiyojulikana na nani? Na mchora ramani, basi. Wenye nchi walikuwa wanalima kama kawaida.

Neno hili halilingani sawasawa na siri. Siri inaficha jambo. Incognito inaficha wewe ni nani, hata kama umesimama katikati ya soko. Wafalme wa Ulaya walilipenda sana kwa sababu hiyo. Mwaka 1697 Peter Mkuu wa Urusi alisafiri Ulaya akijiita Peter Mikhailov, akaenda mpaka Uholanzi kufanya kazi kwenye karakana ya meli. Shida ni kwamba jamaa alikuwa na urefu wa kama mita 2. Watu walijazana kumtazama. Yule staa wa kwenye gari ana babu yake, kumbe.

Na ile incognito ya kwenye simu? Google waliiweka kwenye Chrome mwaka 2008, kwa Kiswahili wanaiita hali fiche. Inaficha historia kwenye simu yako tu. Mtandao wa ofisini na kampuni inayokuuzia bando bado wanaweza kuona unatembelea tovuti gani, kwa hiyo tulia.

Sasa njoo Nyanda za Juu Kusini. Agosti 17, 1891, pale Lugalo, Wahehe wa Mkwawa waliivamia kolamu ya Wajerumani njiani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Kisasi kilikuja Oktoba 30, 1894: gavana von Schele aliibomoa ngome ya Kalenga. Lakini Mkwawa mwenyewe hakupatikana. Aliponyoka, na kwa karibu miaka minne alikuwa porini na vijijini mwa nchi yake, huku Wajerumani wakimsaka na kutangaza rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa hela ya kubadilisha ukoo mzima.

Mchana watu walikuwa wanaitikia amri za Mjerumani, usiku chakula kinaenda msituni. Mwisho wa 1896 Wajerumani walimweka Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe mtawala. Miezi michache baadaye, mwaka 1897, wakamnyonga, wakimshuku kuwa anamsaidia ndugu yake. Sio kila mtu alikuwa upande huo, tuseme ukweli. Upande wa Mbeya ya leo, Wasangu wa Merere walikuwa wamefukuzwa kwao Usangu na Wahehe, wakahamia Utengule ya Usongwe. Wao walishirikiana na Mjerumani, na ukifikiria walichopitia huwezi kushangaa.

Je, Mkwawa alikuwa incognito? Nusu tu. Hakuvaa kofia ya mtu mwingine wala kubadili jina. Waliompelekea ugali walijua vizuri wanampelekea nani. Asiyejua alikuwa mwenye bunduki na rupia peke yake. Majina ya wapishi hao, wabebaji na waliosema "hajapita huku" mengi hayakuandikwa popote. Hao ndio incognito wenyewe.

Julai 19, 1898, kule Mlambalasi, kikosi cha Sajini Merkl kilikuwa kimemkamata kijana aliyetoroka kutoka kwa Mkwawa, na ndiye aliyewaongoza. Walikuta miili miwili, wa Mkwawa na wa kijana aliyekuwa naye. Mkwawa alikuwa amejipiga risasi. Kichwa kikakatwa.

Hapo ndipo neno linapomfaa sasa, na linauma. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa ndani ya miezi 6. Halikuja. Baada ya miaka mingi gavana Twining alilitafuta kwenye makumbusho ya Bremen, ambako mafuvu mengi yalikuwa yamepangwa bila majina. Ilibidi yapimwe na kulinganishwa na vichwa vya ndugu zake, na kuangalia tundu la risasi. Mtu aliyejulikana kuliko wote Uhehe alikuwa anatafutwa rafuni kwa rula.

Fuvu lililochaguliwa lilikabidhiwa Kalenga Juni 19, 1954, na lipo mpaka leo kwenye makumbusho pale, ndani ya kioo. Baadhi ya watafiti bado wanahoji kama kweli ni lake. Kutoka Iringa mjini ni karibu tu, nenda ukalione.