Jumapili za Mlimani

Novemba 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walianzisha jarida la siasa na uchumi, wakaliita Cheche. Jina walilirithi kwa magazeti mawili, Iskra la Lenin na Spark la Nkrumah. Mhariri wake, Karim Hirji, alikuwa mwanafunzi wa hisabati. Aliyefanya naye kazi ya uhariri ni Henry Mapolu wa sosholojia, pamoja na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye angekuwa mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Fedha Tanzania. Septemba 1970 wakatoa toleo maalumu lililobeba andiko refu la Issa Shivji, kijana aliyesomea sheria, kuhusu matabaka yaliyokuwa yakichipuka nchini baada ya Azimio la Arusha. Miezi miwili baadaye jarida likapigwa marufuku.

Mtu wa hisabati na mtu wa sheria walijifunzia wapi kubishana juu ya benki, mashamba ya mkonge na tabaka la maofisa? Jibu rahisi ni kwamba chuo kiliwalazimisha kusoma mambo hayo. Jibu hilo lina ukweli, ila halitoshi.

Chuo chenyewe kilizaliwa kikiwa chembamba mno. Kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 15, chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na fani zikagawanywa: udaktari Kampala, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mgawanyo huo uliokoa fedha za nchi tatu changa. Lakini chuo kikahamia Mlimani mwaka 1964 kikiwa bado kinatafuta uso wake.

Kilichokitikisa ni maandamano ya tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi walikwenda Ikulu wamevaa majoho kupinga kulazimishwa Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa mishahara wakiwa huko. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao zaidi ya 300. Siku hiyohiyo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Vijana wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamefundishwa vizuri. Tatizo ni kwamba hakuna somo lililowauliza ada yao inalipwa na nani, wala mkulima wa pamba anapata nini akiuza kilo moja.

Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, walimu, viongozi na wanafunzi wakakutana chuoni kujadili chuo cha nchi ya kijamaa kiweje. Humo ndimo lilimoota wazo la kozi ya pamoja, ya kumpa kila mwanafunzi, wa sayansi na wa fasihi, historia na uchumi wa jamii yake. Mwaka 1973 kazi hiyo ikakabidhiwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Hadi leo mwanafunzi wa Mlimani anaijua kozi hiyo kwa jina la DS, na wengi wanaijua kwa desa: kurasa zinazopita mkono kwa mkono, zikakaririwa usiku, zikasahauliwa asubuhi baada ya mtihani.

Kwa maoni yangu, wazo lilikuwa sahihi; kosa lilikuwa kudhani kwamba upana wa elimu unapatikana kwa kuongeza somo kwenye ratiba. Vijana wa Cheche waliusakia pengine. Chama chao cha wanafunzi, USARF, kilichokuwa kimewahi kuongozwa na Yoweri Museveni, kiliendesha madarasa ya siasa siku za Jumapili, yasiyo na cheti wala maksi. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa miongoni mwa walimu waliosimama nao. Aliyekuja alikuja kwa sababu swali lilimkaa kooni.

Jambo la namna hiyo lilitokea pia kwenye idara ya historia. Mwaka 1968, chini ya Gilbert Gwassa na John Iliffe, wanafunzi walitumwa kusini kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji. Kabla ya kuandika historia iliwabidi wajue lugha, mila za mizimu, kilimo cha pamba ya kulazimishwa na nani kaoa kwa nani. Mzee wa Matumbi, huko kusini, hakumsimulia kijana historia peke yake na uchumi peke yake. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein akatoa tamthilia ya Kinjeketile, na vita vilevile vikapanda jukwaani.

Chuo chenyewe kimegawanyika tangu hapo. Kilimo cha Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984, na Muhimbili ikajitegemea kikamilifu mwaka 2007. Sababu za kugawa ninazielewa, hata hivyo nasikitika kila nikifikiri daktari na bwana shamba waliowahi kuwa chini ya seneti moja.

Hirji, yule mhariri wa Cheche, hakuwa mwanasiasa. Akawa profesa wa takwimu za tiba, akafundisha Muhimbili. Mwaka 2010 akatoa kitabu cha kumbukumbu za Cheche, akiwakusanya tena wenzake wa zamani waandike kila mmoja alivyoziona Jumapili zile.